Hesabu ya Kiganja

Kipimajoto hatuna. Tuna kiganja changu.
Unakiweka juu ya nyumba ya beringi, unahesabu:
moja, mbili, tatu, toa mkono, Ndeshi,
kabla ngozi haijabaki pale kama ukoko wa ugali.

Miaka kumi na minne hapa Pasua
sijawahi kuvuka tatu ikifika saa sita mchana,
foleni ya ndoo imefika kwa fundi viatu,
mahindi ya Kahe yanangoja zamu,
na mashine inalia mlio wa mbuzi
aliyesahauliwa kambani.

Adui yangu namjua: unga wa chuma.
Si huu mweupe unaonikalia kwenye nyusi
nikazeeka kila asubuhi na kunawa ujana jioni.
Ni ule mweusi, laini, unaoukuta ndani ya grisi kuukuu,
ushahidi kwamba chuma kimeshinda kikila chuma.
Nimeufuta kwa petroli, kwa vipande vya kanga,
nimeufukuza kama mchwa.

Halafu anakuja Aminieli, mtoto wa dada,
likizo kutoka chuo Arusha,
mfukoni ana kichupa cha dawa ya kikohozi
kisicho na dawa ya kikohozi.
"Mama mdogo, hii ni oili. Ndani ina chembe za chuma."

Nilicheka mpaka nikashika mlango.
Nimeumwa macho, wewe unaniletea mchanga ninawie?

Hakubishana. Akadondosha tone kwenye kizibo cha soda,
chini yake akasogeza sumaku aliyoing'oa kwenye spika mbovu.
Tone likaamka.
Likasimamisha miba, myeusi, inayong'aa,
nungunungu aliyesikia hatua.
Akaondoa sumaku: miba ikalala,
oili tena, tulivu,
kama mtu aliyeulizwa jambo akakana.

"Ndogo kiasi gani?"
"Chukua punje moja ya sembe. Isage. Ulichopata, kisage tena.
Saga mpaka mashine ikuombe radhi.
Bado hapo una jabali."
Kila chembe imevikwa koti, akasema, zisishikane zikawa bonge.
Sumaku tunaifunga hapa, karibu na shafti:
oili itakaa panaposuguana. Haitakimbia.

Oili inayoitwa ikaitika. Ikabaki.
Nikawaza watu wangapi nawajua walio hivyo.

Jaribio la kwanza liliharibika, nisidanganye.
Sumaku ilikuwa kubwa mno, ikaivuta oili yote upande mmoja,
ikaganda pale kama uji wa jana,
na upande wa pili beringi ikapiga yowe
hadi mwenye duka la dawa akatoka nje.
Aminieli akavua shati, akaanza upya.
Sumaku ndogo, pete mbili. Oili nusu kijiko.

Jumatatu, saa sita, jua limekaa juu ya bati.
Mlima umejifunika, haukutaka kuona.
Nikaweka kiganja.
Moja, mbili, tatu.
Nne. Tano, nikamtazama kijana, saba,
nane, tisa, na mtu kwenye foleni akaanza kuhesabu nami,
kumi na moja.
Mkono wangu bado wangu.

Grisi ya zamani sijaitupa, ipo rafuni.
Aminieli mwenyewe hajui kama dawa yake itafika Desemba.

Ila kuna jambo hakuniambia, labda chuoni hawalifundishi.
Mashine ilipoacha kulia, ikabaki kunguruma tu,
nilisikia sufuria kwa jirani, nikasikia kuku,
nikasikia viatu vya Aikande pale kwenye mzani.
Mama yake Aminieli. Dada yangu, mwenzangu katika kiwanda hiki,
ambaye tangu kihamba cha Kibosho kiuzwe
tumekuwa tukipigiana kelele za kilo tu:
ishirini! kumi na nane na nusu! mwingine!
na kelele ya beringi ikatusitiri.

Akasema kitu, kwa sauti ya chini, ya ndani ya nyumba.
"Umekula?"

Nilitafuta mahali pa kujificha. Hapakuwa na mlio.
"Bado," nikasema.